Meza Iliyogeuzwa Ukutani

Siku niliyochumbiwa nilikuwa na vanishi mpaka kwenye nyusi. Hilo nalisema mapema, maana kuna wanawake wanaochumbiwa wakiwa wamesuka nywele na kujipulizia marashi, halafu tupo sisi wengine. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya watu, brashi mkononi, Bi Mkubwa akaniita kutoka dukani mbele.

"Msasa! Acha hiyo kazi, njoo ukae hapa."

Jina la Msasa alinipa yeye mwenyewe, siku ile ya kwanza nilipokuja kuomba kazi kwenye karakana yake ya samani kuukuu. Alisema kwa ulimi huu naweza kulainisha mlango mzima bila kuugusa kwa mkono. Akaniajiri hivyo hivyo. Jina langu la kuzaliwa nadhani alishalisahau.

Nikajifuta mikono kwa spiriti, nikaenda. Akanionyesha kiti cha wateja. Nikashtuka, maana katika duka lile sisi mafundi kiti kile tunakifuta vumbi tu, hatukikalii.

"Nina vanishi, mama. Nitakichafua."

"Kaa bwana. Kikichafuka si utakisafisha mwenyewe?"

Nikakaa ukingoni, nusu nimekaa, nusu nimesimama. Bi Mkubwa alikuwa amevaa vizuri kuliko kawaida, fimbo yake ameilaza magotini. Akanitazama kwa upole, kama anavyotazama kabati lililomkaa moyoni.

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima, sizunguki mbuyu. Nilipoanguka bafuni nikavunjika nyonga, nani alinibeba?"

"Mafundi, mama. Mimi nilishika mlango."

"Usinitanie! Nani aliniogesha? Nani alinilisha kijiko kwa kijiko huku namtukana? Wanangu wa kuwazaa walikuwa wanapiga simu, wewe umeshika beseni. Asante ya mdomo nimeitoa mpaka imechuja. Pesa nilikupa, ukakataa. Kitenge nilikupa, ukampa mama yako. Basi nikakaa na mwanangu, nikamwambia, huyu binti tutamlipa nini? Muoe."

Nilimpenda mwanawe, Polepole, tangu mwaka wangu wa kwanza pale. Nilimpenda asubuhi akifungua milango ya karakana, nilimpenda jioni akizima taa. Neno hilo "muoe" nililiota nikiwa macho, na sasa limekuja, limekaa mbele yangu, na mimi nimekodoa macho tu kama mtu aliyeletewa chakula cha jirani.

"Mbona kimya? Leo ndiyo ulimi umekwisha?"

"Yeye alisemaje, mama?"

"Nani?"

"Polepole. Ulipomwambia anioe."

"Alisema sawa."

"Sawa tu?"

"Wewe humjui mwanangu? Akisema sawa ujue amehutubia." Akacheka, akanipiga goti kwa fimbo. "Halafu na wewe siku hizi umepanda, mwanangu. Yule mama wa hoteli akija hapa hataki mkono mwingine uguse vitu vyake. Wale wa duka la ng'ambo wamekutumia watu, unafikiri sijui? Chema chajiuza. Nikasema kabla hawajanichukulia, nikufungie ndani. Zamani sikukujua. Asiyekujua hakuthamini, au siyo?"

Zamani hizo nilikuwa nazikumbuka vizuri. Kabla ya kuanguka kwake, aliona jinsi mwanawe alivyokuwa akinitazama. Macho hayana pazia, na ya Polepole hayakuwa na hata kioo. Akasimama katikati ya karakana, mafundi wote wanasikia, akasema mkono unaonuka spiriti hautapakua chakula nyumbani kwake, kila mtu ajue mahali pake. Polepole alikuwepo. Aliendelea kuchomoa misumari kwenye kochi bila kuinua kichwa. Baadaye mkono huo huo ndio uliomlisha uji mama yake. Hayo sikumkumbusha, mgonjwa aliyepona humkumbushi uchungu.

"Nakushukuru, mama," nikasema. "Niache nikaongee na mwenyewe."

"Nenda. Yuko stoo. Ila msichelewe, kuna kazi ya mteja."

Sijafika hata uani, simu ikalia. Mama yangu.

"Mwanangu! Wameshakwambia?"

"Kumbe wewe unajua?"

"Walikuja jana, wamekaa kwenye mkeka wangu kwa heshima zote! Na yule bibi na nyonga yake! Nimelia, mwanangu. Nimemwambia Mungu ahsante, taabu ya mwanangu haikupotea."

"Mama, wananioa kwa sababu nilimwogesha mtu."

"Sasa ulitaka wakuoe kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ananipenda."

Nikamsikia anavuta pumzi ya kunipa somo.

"Sikiliza. Mimi baba yako alinipenda. Alinipenda kweli kweli, mtaa mzima ulijua, akalala mlangoni kwetu mvua inamnyeshea. Yuko wapi leo? Mtu anayekushukuru hakuachi, anaona aibu. Mapenzi utayapikia nini?"

"Nitakupigia baadaye, mama."

"Usiende kuwaharibia watu kwa huo mdomo wako!"

Nikakata. Mama hakusema uongo, na ndiyo maana niliumia. Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho yeye hakukijua. Nilikuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa meza. Katika duka letu kuna utaratibu wa Bi Mkubwa: kitu kizuri hakiuzwi kwa haraka. Kinapelekwa stoo, kinageuzwa ukutani, uso unatazama ukuta na mgongo unatazama watu, ili mteja asikione akakiulizia. Kinakaa huko mpaka thamani yake ipande. Siku kikigeuzwa kutazama mlango, ujue sasa kinauzwa.

Meza hiyo ilikuwa ya kujirembea, yenye droo ndogo ndogo na kioo cha duara. Ilikuja kwetu mguu umevunjika, kioo kimepata ukungu, kila droo ina mende na watoto wake. Hakuna aliyeitaka, mafundi walitaka kuichanja kuni. Nikaiomba, nikawa naitengeneza saa za chakula. Siku ile Bi Mkubwa aliponitangazia mahali pangu mbele za watu, nilikwenda kujificha stoo, nikawa naisugua ile meza huku machozi yananitoka. Polepole akaingia. Hakusema "pole", hakusema "mama yangu ndivyo alivyo". Alisimama, akaitazama meza, akanitazama mimi, kisha akaikumbatia peke yake, meza nzito vile, akaigeuza ukutani.

"Hii haiuzwi," akasema.

Akatoka. Nani angeambiwa maneno hayo siku hiyo, kwa macho yale, asiyaelewe nilivyoyaelewa mimi?

Kuanzia hapo, mgongo wa meza ile ukawa wangu. Ulikuwa mbao tupu, haujapakwa kitu, nikawa najaribia rangi zangu pale. Kila nikichanganya rangi mpya, napiga mstari mmoja, naiacha ikauke, naona itakavyokuwa. Mstari wa kwanza ulikuwa wa rangi ya asali. Bado mbichi, Polepole akapita, akabonyeza kidole gumba chake katikati. Nikamfokea, "We! Unaniharibia!" Akatabasamu tu. Kesho yake nikapiga mstari mwingine, akaja akabonyeza tena. Ikawa ndiyo desturi. Mistari ikapangana kutoka asali mpaka rangi ya kahawa nyeusi, na katika kila mmoja kuna kidole chake, mistari ya ngozi inaonekana mpaka lile kovu dogo la patasi.

Msinicheke. Mwanamke akimpenda mtu asiyesema hujifunza kusoma hata vidole. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami nilikaa miaka nikisubiri huo mshindo. Bi Mkubwa aliponitukana kutoka kitandani, nilikuja stoo, nikatia kidole changu ndani ya alama ya chake, roho ikatulia. Wakati anabonyeza vile vya kwanza, sikuwa nimemwogesha mama yake. Hoteli ilikuwa hainijui. Hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kunishukuru, na thamani yangu haikufika ya msumari uliopinda. Basi kama alinitaka wakati ule, alinitaka mimi. Hilo tu ndilo nililokuwa nataka kulisikia stoo siku hiyo. Akilisema, naolewa, hata kama mama yake ananihesabu pamoja na makabati.

Nikasukuma mlango wa stoo, nikajiona. Nilijiona kwenye kioo cha duara, vanishi kwenye nyusi, mdomo wazi.

Meza ilikuwa imegeuzwa. Ilikuwa inatazama mlango, na mguu wake umefungwa kile kitambaa chekundu tunachofungia kitu kilichokwisha kuuzwa. Polepole alikuwa ameinama anafuta kioo kwa gazeti, mikono ya shati imekunjwa, uso umechangamka. Sikuwahi kumwona na furaha kiasi kile.

"Mama amekwambia?" akauliza.

"Meza hii nani ameiuza?"

"Mimi!" Akapiga ule ubao wa juu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. "Mama wa hoteli ameichukua. Msasa, hujui imepanda kiasi gani. Zamani ungempa mtu bure, na asante umwambie wewe. Sasa hivi vitu hivi vinatafutwa kama dawa. Alipotaja bei nikadhani amekosea. Hiyo ni nyumba, Msasa. Chumba, sebule, choo cha ndani. Nimefanya kwa ajili yetu."

Alisema "kwa ajili yetu", na kwa dakika ile ningeweza kuisamehe dunia nzima.

"Ulisema haiuzwi."

"Wakati ule ilikuwa haina bei."

"Ndiyo maana nilikuamini."

Hakuelewa. Akaendelea kutabasamu, ila tabasamu likaanza kuchoka. Nikakaa juu ya kopo la rangi.

"Polepole, nikuulize kitu. Kama mama yako asingeanguka bafuni, ungenioa?"

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

"Swali gani hilo? Si ameanguka?"

"Nijibu."

"Msasa, wewe umetufanyia mambo makubwa. Mimi kila nikikutazama najiuliza, huyu mwanamke nitamlipa nini? Kila siku nakushukuru, huku moyoni." Akajigusa kifua. Hakuwa anadanganya, na ingekuwa nafuu kama angedanganya.

"Asante zako nimezipokea. Sikuuliza hizo."

"Na kazi yako, nani asiyeijua? Hapa mjini hakuna fundi..."

"Hiyo nayo mama yako amenieleza. Nimepanda. Mimi na meza."

"Mbona unakuwa hivyo? Mtu anakuheshimu, anakuthamini, anakutafutia nyumba, wewe unamrukia."

"Nataka neno jingine."

"Neno gani? Niambie, nitalisema."

Hapo ndipo aliponimaliza. Angelisema kweli. Ningemwambia sema "nakupenda", angeweka gazeti chini, angesimama wima, angelisema kwa sauti safi, akimaliza angeniuliza kama amelisema sawasawa. Ndivyo alivyo. Si mtu mbaya, na siku zote atakuwa mume mzuri kwa mwanamke mwingine asiye na maswali mengi.

Nikajaribu mara ya mwisho. Mtu anayezama hushika hata jani.

"Siku ile ulipoigeuza ukutani. Mama yako alikuwa amenitukana. Uliingia humu, ukaniangalia. Ulikuwa unawaza nini?"

Akafikiri. Akafikiri polepole, kama jina lake, akiangalia dari. Nikamwona anatafuta kwa bidii, anataka kunipa jibu zuri, na nikawa namwombea Mungu alipate.

"Sikumbuki sana," akasema. "Nadhani niliona imeanza kupendeza. Nikasema ikikaa, itakuja kupanda."

"Na vidole?"

"Vidole gani?"

Nikainuka, nikazunguka nyuma ya meza, nikamwita. Akaja. Nikamwonyesha mistari yangu, asali mpaka kahawa, na gumba lake katika kila mmoja.

"Aaa, hivi!" Akacheka, kwa raha kabisa. "Nilikuwa napima kama imekauka. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Nilimfundisha, ndiyo. Vanishi haipimwi kwa macho, inapimwa kwa kidole. Lakini nilimfundisha kugusa kwa mgongo wa kidole, pembeni, kwa kupapasa tu, isiachwe alama. Yeye alikuwa mwanagenzi mbaya anayebonyeza katikati. Na mimi nilichukua kosa la mwanagenzi, nikalifanya barua ya mapenzi, nikaisoma miaka yote ile mpaka nikaijua kwa moyo.

"Unalia?" akauliza.

"Spiriti hiyo."

"Msasa..."

"Haya, kazi gani imebaki hapa? Mama amesema kuna kazi ya mteja."

Akashusha pumzi, amefurahi tumerudi kwenye mambo anayoyaweza. "Mama wa hoteli ataiweka katikati ya ukumbi, mgongo utaonekana. Anataka huku nyuma kupigwe msasa, kupakwe rangi sawa na mbele. Yuko dukani anangoja aone tunaanza."

Nikatoa kipande cha msasa mfukoni mwa aproni, nikamnyooshea.

"Piga wewe."

"Mimi? Hiyo kazi yako."

"Vidole ni vyako. Piga."

Akaupokea. Akachuchumaa mbele ya mstari wa asali, ule wa kwanza kabisa. Kabla hajaanza, sijui kwa nini, akanyoosha gumba lake, akalitia ndani ya ile alama. Likaingia, halikubaki hata upenyo. Akalinyanyua, akalitazama, akalirudisha.

"Ni changu kweli," akasema taratibu. "Hata kovu lipo."

Kidole kilikaa pale. Nikamwona shingoni mshipa unapiga, nikaona anatazama mstari wa pili, wa tatu, anavifuata vyote kwa macho mpaka kule kwenye kahawa nyeusi. Mtu hapimi vanishi miaka yote hiyo, kila rangi, bila kuitwa. Nilisema moyoni, sasa. Polepole, baba, sasa. Weka huo msasa chini. Usiseme neno, neno sitaki tena, weka chini tu, mimi nitakuelewa. Nimekuelewa kwa machache kuliko hayo.

Fimbo ya Bi Mkubwa ikagonga sakafu dukani. "Jamani, mmeanza? Mteja amesimama huku!"

Polepole akashtuka, akaondoa kidole.

"Tumeanza, mama!" akaitikia.

Akaanza kusugua. Alianza na ule wa asali. Alisugua vizuri, akifuata nyuzi za mbao kama nilivyomwelekeza, bila kukandamiza, akipuliza vumbi kila baada ya muda. Mwanagenzi wangu alikuwa amejifunza hatimaye. Vumbi la rangi ya asali likamwangukia magotini, likafuata la kahawia, kisha jeusi. Nilisimama nyuma yake mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani nitapiga kelele, kumbe nilikuwa natazama tu asipitishe ovyo pembeni.

Alipomaliza aliinua uso, jasho linamtoka, ananisubiri kama mafundi wote wanavyonisubiri.

"Imetosha?"

Fundi hakagui mbao kwa macho. Nikafumba macho, nikapitisha kiganja juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia, taratibu. Nilipajua kila kidole kilipokuwa, ningepaonyesha gizani. Sikupata hata kimoja.

"Imetosha," nikamwambia.

Nikafungua kamba za aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya meza. Nilipokatiza dukani, Bi Mkubwa alikuwa anamweleza mteja jinsi kitu kizuri kinavyotaka subira. Aliponiona akanishika mkono, huu unaonuka spiriti, akaufumbata kwa mikono yake miwili mbele ya mgeni.

"Huyu ndiye mkwe wangu," akasema. "Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa yote."

"Karibu, mama," nikamjibu, nikauchomoa mkono wangu taratibu, nikatoka.